Nyuki Waliotoka Miguu Misafi

Jumapili baada ya ibada, Elieth alichuma maua ya maboga nyuma ya jiko, pale kwao Tabora mjini. Alichuma madume tu, yenye kikonyo kirefu. Majike, yale yenye kiboga kidogo chini ya ua, aliyaacha, maana ukichuma jike umechuma boga. Akayapika na karanga za kutwanga, akala na mumewe, Octavian. Mama mkwe wake, Mama Eustadia, alikula ugali na chumvi. Alishasema yeye hali chakula kilichopikwa na mgumba. Ndoa ilikuwa ya miaka sita, mtoto hakuna, na Jumamosi ukoo ulikuwa unakaa kuamua kama Elieth arudishwe kwao Kigwa.

Kesho yake mume na mke waliamka kila mmoja na mche wa boga umemtoka sikioni. Octavian akauzungusha shingoni kama skafu, akaenda kufungua duka lake la vipuri vya baiskeli. Wateja waliuliza bei ya cheni.

Katikati ya wiki miche ikachanua. Wa Elieth ulitoa majike matupu, kila ua na kiboga chake. Wa Octavian ukatoa madume, mengi, makubwa, yanang'aa mpaka barabarani.

"Mwanaume huyo," Mama Eustadia aliwaambia majirani. "Mnajionea."

Shida ikawa nyuki. Walikuwa wanazama kwenye maua ya Octavian mpaka ndani kabisa, halafu wanatoka miguu misafi, hata chembe ya ule unga wa njano hakuna. Viboga vya Elieth vikasinyaa, vikawa vinadondokea kwenye beseni la vyombo.

Anifa, jirani yao, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Shoga, mbona jibu unalo?"

"Mwambie mkwe wangu."

Anifa akamgeukia Mama Eustadia. "Shikamoo mama. Hawa nyuki mbona kwa shemeji wanatoka mikono mitupu?"

"Marahaba. Nyuki wa siku hizi wavivu."

Jumamosi ukoo ukakaa. Nyuki wakawa wanaingia kwa Octavian, wanatoka wasafi, wote wanaangalia. Sixbert, baba mdogo wa Octavian, aliwafukuza nyuki kwa kofia, akasema Elieth akapumzike kwao.

"Baba, sema basi na wewe," Elieth alimwambia mumewe.

"Wazee wameshaongea," Octavian akasema, akatoa jani lililomziba mdomo.

Elieth akapanda treni. Njiani nyuki mmoja aliingia dirishani, miguu ya njano tupu, ametoka kwenye mashamba ya watu asiowajua. Akatua kwenye ua la mwisho. Treni inafika Kigwa, boga limeshakuwa kama ngumi. Mama yake alimpokea begi, akamshikia na boga.

Habari zikafika Tabora haraka. Mama Eustadia alizisikiliza zote, akauliza boga lina ukubwa gani, akaambiwa. Kuanzia siku hiyo aliacha kumwita Elieth mgumba. Akawa anamwita malaya.