Kalugula Hafutiki

Mama Sizya, jirani yangu, aliwahi kuniuliza tukitwanga: "Hivi mtu akifutwa kwenye kompyuta ya chama, na mbinguni wanapata taarifa?" Nikamwambia atwange. Usiku wa jana niliota jibu lake.

Bwana Mlekwa, karani wa chama chetu cha wafuga nyuki, alikuwa na siku ya nne anajaribu kumfuta marehemu mume wangu, Kalugula, ili mizinga yake arobaini ije kwangu. Kompyuta inakataa. Na mavuno yanafunguliwa leo. Mzinga wa marehemu hauguswi mpaka upate mwenyewe mwingine.

Basi katika ndoto nachekecha unga wa mtama, kompyuta inaingia jikoni, inakaa juu ya kinu.

"Karibu," nasema.

"Starehe, mama. Pole na msiba."

"Ni mwaka wa pili huu."

"Mimi taarifa nimeipata Jumatatu." Ikakohoa. "Mumeo hafutiki. Kuna wanaomtegemea. Waondolewe kwanza hao."

Nachungulia nje. Mizinga arobaini imepanga foleni kama kliniki, kila mmoja na alama ya Kalugula aliyoichoma kwa moto. Nyuma ya mizinga umesimama mlango wa jikoni, aliouchonga marehemu mwenyewe. Bwana Mlekwa ameshika kifutio cha ubaoni.

"Wa kwanza!"

"Nipo," ukasema mzinga. "Ila nina watu ndani."

Akaufuta. Nyuki wakabaki hewani, wamejipanga umbo la mzinga, wanangoja kuelezwa. Akafuta wa pili, wa tatu, mpaka wa arobaini. Akafuta mlango, upepo ukaingia bila hodi.

"Anayefuata: mjane wake."

Kumbe na mimi nipo kwenye foleni. Natazama chini, kandambili ninaziona, miguu siioni.

"Bwana Mlekwa, subiri nimalize unga."

"Utaratibu, mama."

Nikamwomba Mungu moyoni, Bwana, unaona. Hapohapo jiko likawa kanisa letu. Kompyuta iko mimbarini, nyuki wamejaa kwenye mabenchi, kimya, wamevua kofia.

Nikaiambia kompyuta: "Sisi hapa mtu akifa hatumfuti. Mchungaji anaandika pembeni, *amelala*, jina linabaki kitabuni, na walio hai wanaendelea. Wewe neno kama hilo huna?"

Ikawasha kioo chake.

"Ninalo. Siku zote nne hakuna aliyeniuliza."

Ikanisogezea kitufe. Nikabonyeza kwa kidole changu chenye unga wa mtama. Mizinga ikarudi mmoja mmoja, inanisalimia, "Tumehamia kwako, mama." Mlango ukarudi wa mwisho, unanung'unika baridi. Miguu yangu nikaihesabu: miwili. Nikaamka nikilia kwa raha.

Asubuhi nikaenda ofisini. Bwana Mlekwa alikuwa ndiyo kwanza anafungua kufuli. Akawasha kompyuta, akakaa, akainama karibu na kioo.

"Mama, nani mwingine ana ufunguo wa humu?"

"Si ni wewe tu?"

Akanigeuzia nisome. *Kalugula: amelala. Mizinga arobaini: mjane wake.*

Akapitisha kidole kwenye kitufe kimoja, kikatoka na kitu cheupe. Akakinusa.

"Unga wa muhogo," akasema polepole.

"Mtama," nikamsahihisha.

Akanitazama mikono. Kisha akachukua kofia yake, akatoka.