Ahadi Ambayo Kahindo Hakuitoa

Kahindo akikuambia anakuja, ulimtafutia kiti. Akikuambia haji, hukuwa na haja ya kumbakizia chakula. Ndivyo watu wa Husby, mtaani kwake huko Uswidi, walivyomjua. Hakuwahi kusema kwenye simu kwamba yuko njiani huku bado anatafuta kiatu uvunguni mwa kitanda. Katika kanisa la Wakongo walikokuwa wakisali, huko Hallunda, Perpétue wa kwaya alimwuliza kama wimbo aliouimba peke yake ulipendeza. Kahindo akamjibu, "Mwanzo ulipendeza. Ubeti wa tatu, sauti ilikukimbia." Perpétue alinuna mpaka Pasaka, kisha akarudi mwenyewe, kwa maana sifa zikitoka kwa Kahindo zilikuwa sifa kweli.

Hata kazini, katika nyumba ya wazee kule Spånga, alishika msimamo huohuo. Kulikuwa na mzee mmoja aliyepotewa na kumbukumbu, ambaye kila siku aliuliza mkewe, aliyekwisha kufa, atafika saa ngapi. Wafanyakazi wengine walimwambia, "Baada ya kahawa," na mzee akatulia. Kahindo hakuweza kusema hivyo. Alivuta kiti akakaa karibu naye, akamwuliza, "Mkeo alikuwa mtu wa namna gani?" Mzee akasimulia hadi akasahau alichokuwa akisubiri.

Hakuzaliwa hivyo. Mwaka wake wa kwanza Uswidi, baba yake alifariki nyumbani, Butembo, na ndugu wakakubaliana kumficha, asije akachanganyikiwa ugenini akiwa peke yake. Kila alipopiga simu aliambiwa baba yuko shambani, baba amejipumzisha, baba anakusalimu sana. Akamnunulia sweta la sufu, akampa msafiri alipeleke. Akaja kujua kwa mgeni kutoka nyumbani, aliyempa pole akidhani amekwisha kulia siku nyingi. Wakati huo kaburi lilikuwa limeshaota majani. Kahindo alikuwa akimtumia salamu mtu aliyelala chini ya udongo, na watu aliowapenda walikuwa wakizipokea na kumjibu.

Hapo ndipo alipoapa kwamba mdomo wake hautamtendea mtu alichotendewa yeye. Na kwa kuwa alijua uongo mkubwa haulali mbali na mdogo, akaung'oa wote, hata ule wa adabu.

Mumewe, Papy, alikuwa dereva wa basi na mtu wa kulainisha mambo. "Mke wangu," alimwambia akicheka, "hata mlango unahitaji mafuta. Usipoutia, kila ukiufungua unaamsha nyumba nzima."

"Afadhali waamke," Kahindo alijibu.

Walipendana hivyo, kila mtu na njia yake, wakamlea binti yao mmoja, Diane, aliyekuwa sasa na miaka kumi na mitatu.

Kisha Papy akaanza kukonda. Alisema ni tumbo, ni chakula cha haraka anachokula kati ya zamu mbili. Walipompima wakakuta kansa ya kongosho, imeshasambaa. Madaktari walisema wazi, kama ilivyo desturi ya huku, na Kahindo akamweleza Diane siku hiyohiyo, mezani, bila kupunguza neno.

Lakini kule Beni, mama yake Papy hakuambiwa kitu. Mama Kavira alikuwa mtu mzima sana, ameshazika watoto wanne, baadhi yao katika njia ambazo hazisimuliki. Kila Jumapili baada ya ibada alipiga simu, na Papy alivaa kofia, akajilaza akiwa ameupa dirisha mgongo ili uso usionekane vizuri. "Mtandao ni mbaya leo, Mama," alisema. Kahindo alikaa pembeni kimya. Alihesabu kwamba nadhiri yake ilifunga mdomo wake yeye, si wa mumewe. Na Papy, kwa kumjua, hakumpa simu.

Walipomhamishia kwenye nyumba ya wagonjwa wasiopona, alimwita mkewe karibu.

"Nikishaenda, Mama asijue. Nimemwambia Mashauri, amekubali." Mashauri alikuwa mdogo wake, aliyekaa na mama yao. "Mama hatakawia sana duniani. Mwacheni afe akijua kuna mmoja aliyebaki huku Ulaya."

"Na akiniuliza mimi?"

"Mwambie niko kazini. Ni neno dogo."

"Papy, unajua siwezi."

"Hata kwa ajili yangu?"

Kahindo alimshika mkono, mkono uliokuwa umebaki mifupa, akafungua kinywa, na ahadi haikutoka. Alimwona baba yake. Aliliona lile sweta. "Siwezi kukuahidi," alisema. "Nikiahidi nitakuwa nakudanganya wewe."

Papy hakukasirika. Aliugeuza uso wake polepole upande wa ukutani, na baada ya muda akasema kwa sauti ndogo, "Sawa, mama Diane." Ndilo neno lake la mwisho ambalo Kahindo aliweza kulielewa. Kahindo alijiambia kesho watalizungumza vizuri, atamweleza vizuri zaidi. Kesho Papy hakuweza kusema tena, na keshokutwa alifariki, Kahindo akiwa ameushika mguu wake uliokuwa ukipoa.

Mazishi huku hayaharakishwi. Marehemu husubiri wiki kadhaa kwenye chumba cha baridi mpaka zamu yake ifike. Papy alikuwa bado anasubiri zamu hiyo, Mama Kavira alipopiga simu Jumapili kama kawaida.

"Binti yangu, leo umepokea wewe? Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko kazini, Mama," Kahindo akasema. "Wamempa zamu ya Jumapili."

Maneno yalitoka laini, hayakukwama popote. Mama Kavira akalalamika kidogo kuhusu wazungu wasiojua siku ya Bwana, akamwombea mwanawe, akaaga. Kahindo akaiweka simu juu ya meza ya jikoni. Kumbe aliweza. Kumbe halikuwa jambo gumu hata kidogo. Na kama ulimi huu uliweza kusema hivi leo, kwa nini haukuweza kusema wakati ule, mbele ya mtu aliyekuwa akiomba kitu cha mwisho? Alimwacha mumewe afe akiwa ameutazama ukuta, kwa ajili ya ukweli ambao hakuweza kuulinda hata Jumapili moja.

Alilia siku ile kuliko siku ya kifo.

Jumapili iliyofuata alidanganya tena, na ya tatu. Akagundua jambo la kumwogopesha: uongo ule ulikuwa mtamu. Akimweleza mama mkwe kwamba Papy ameanza njia mpya ya basi, kwamba ameudhika na theluji, kwamba jana alikula ugali na sombe ya majani ya muhogo akaomba kuongezewa, kwa dakika chache nyumba ilikuwa na mwanamume tena. Alianza kuzisubiri zile simu.

Siku moja alipokata simu akamwona Diane amesimama mlangoni mwa jikoni. Mtoto alisema kwa Kiswidi, lugha aliyozoea kumjibia mama yake, "Du ljuger, mamma." Unadanganya, mama.

"Baba yako aliomba," Kahindo akasema.

"Lakini ulikataa. Nilikuwa mlangoni, nilisikia." Diane hakupaza sauti. "Wewe ukiugua, utaniambia? Au na mimi nitaambiwa uko kazini?"

Diane alimsubiri, kisha akaenda chumbani kwake akafunga mlango.

Kesho yake Kahindo akampigia Mashauri. "Shemeji, mkusanyie Mama wanawake wa kanisa. Nitamwambia kabla ya mazishi. Asije akalia kaburi limeshaota majani."

"Shemeji, tafadhali. Mimi niliahidi."

"Mimi sikuahidi," Kahindo alisema, na neno lake mwenyewe likamchoma.

Walikusanyika uani. Kwenye simu alisikia wanawake wakihamisha viti, na kuku wakilia. Alisema moja kwa moja, kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kusema. "Mama, Papy amefariki. Alikuwa na kansa. Alifariki wiki tatu zilizopita."

Wanawake hawakupiga kelele. Walikuwa wakimsubiri mwenye msiba aanze.

"Nani alimwosha?" Mama Kavira akauliza.

"Mimi, Mama. Mimi na Perpétue wa kanisani."

"Kwa maji ya baridi?"

"Ya vuguvugu."

"Vizuri. Tangu utoto alikuwa akiyakimbia maji ya baridi." Akaongeza, "Kwa hiyo hakuomba kuongezewa ugali."

"Hapana, Mama. Nisamehe."

"Aliniachia neno gani?"

Kahindo angeweza kumtungia neno zuri, na hakuna ambaye angejua. "Alisema usijue," akajibu.

Mama Kavira alivuta pumzi kama mtu anayenyanyua mzigo peke yake. "Mwanangu umemvunjia neno lake," alisema, "na mimi umenichelewesha machozi. Hukutupa hata mmoja wetu alichokitaka." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililouma. Kisha akaanza kulia, wanawake wakaanza naye, na mtu mmoja akaizima simu.

Siku ya mazishi Mashauri alimshikia mama yake simu ili aone jeneza. Mama Kavira aliangalia mpaka mwisho. Baada ya hapo hakuongea tena na Kahindo. Alimtumia Diane salamu kupitia Mashauri, na Diane alizijibu kwa Kiswahili chake cha kujikwaa, kila neno akilipima. Kahindo hakulalamika. Aliendelea kusema kweli, ila hakuwa tena akiitangaza kama mtu aliyeshika bendera. Kabla ya kujibu swali alinyamaza kidogo, mpaka Perpétue akamwuliza kama masikio yake yana tatizo.

Mvua za mwisho wa mwaka ziliponyesha kule Beni, Mashauri alipiga simu asubuhi. Mama Kavira alikuwa amefariki.

"Na usijitese, shemeji," aliongeza haraka. "Si habari ile iliyomuua. Moyo wake ulikuwa mgonjwa tangu zamani. Hata daktari wa hapa alijua."

Sauti yake ilikuwa laini mno. Mwaka mmoja tu nyuma, Kahindo angemwuliza, "Mashauri, ni kweli?" na Mashauri asingethubutu kumdanganya mara ya pili. Swali lilimfika mdomoni. Alisimama dirishani. Chini, watu walikuwa wakielekea kwenye treni ya chini ya ardhi, wamejikunyata kwa baridi.

"Asante, Mashauri," alisema. "Asante kwa kuniambia."

Kisha akaenda kugonga mlango wa Diane, amweleze kwamba bibi yake amekufa.