Samaki wa Kisiamu

Hoteli ya Gisiri ilikuwa na meza mbili tu, na moja ilikuwa ya kuwekea masufuria. Ilikuwa Homa Bay, nyuma ya maduka ya Wahindi, mwaka wa pili baada ya Uhuru. Gisiri mwenyewe alikuwa Mkuria wa mpakani, askari wa zamani wa Keya, jeshi la Waingereza. Vita vilipompeleka Bama, huko Asia, aliwekwa jikoni pamoja na mpishi mmoja wa Siamu, nchi ya jirani, na huyo akamfundisha. Aliporudi alipanda mchaichai uani, akavundika samaki wadogo na chumvi kwenye mtungi mpaka wakatoa maji meusi. Ngege mzima wa ziwani alikaangwa mpaka mapezi yakavunjika kama biskuti, kisha akamwagiwa yale maji yakiwa yamechanganywa na ndimu, vitunguu saumu na pilipili iliyotwangwa na mbegu zake. Watu wakapaita mahali hapo Siamu, na walitoka hata Kosele kwenda kutoa jasho.

Nyasuguta alifika hapo Jumapili moja saa saba mchana, amevaa gauni la maua aliloshona mwenyewe kwa cherehani yake ya Kosele, sokoni. Alikuwa amealikwa na Priscilla, dada mkubwa wa Makori, mchumba wake. Harusi ilikuwa imebaki wiki tatu. Nyasuguta alikuwa amemngoja Makori miaka minne, tangu alipokwenda kusomea ualimu, na katika miaka hiyo aliwakataa wanaume wawili wazuri, mmoja akiwa na duka. Kwa hiyo Priscilla, ambaye siku zote alikuwa akimsalimia kwa ncha za vidole, alipomwambia, "Twende tukale, wifi, tuzoeane, na Makori atatukuta huko," Nyasuguta hakulala kwa furaha.

Kwenye ile meza ya kulia walimkuta mzee mmoja mwenye koti la mvua na kofia iliyoshushwa mpaka kwenye nyusi. Mbele yake palikuwa na samaki. Nyasuguta alisita.

"Kaa, wifi," Priscilla akasema. "Ni mzee tu, mnunuzi wa ng'ombe. Wewe unataka tulie nje na kuku?"

Sasa, Wakisii wana jambo lao wanaloliita chinsoni, yaani haya ya heshima. Mke wa mtu hali mbele ya baba mkwe wake, na baba mkwe hali mbele yake. Nyasuguta alilelewa hivyo, naye alikuwa mwangalifu. Lakini baba yake Makori, mzee Machuki, Nyasuguta hakuwahi kumwona hata kisogo. Mazungumzo yote ya posa yalifanywa na mdogo wake, Onsongo. Machuki mwenyewe aliishi mbali, Ogwedhi, kwenye mnada wa mifugo. Basi Nyasuguta akasema, "Shikamoo, mzee," akakaa.

Samaki akaja, na wali. Tonge la kwanza lilimfunga pumzi. La pili likamfungua pua. "Yesu wangu!" akasema, na Priscilla akacheka mpaka akapiga meza. Alikuwa hajawahi kucheka naye. Nyasuguta akafungua kitambaa cha kichwa, akajipangusa nacho uso na shingo, akapenga, akaingiza mkono tena kwenye sahani.

"Kula, kula," Priscilla akasema. "Ukifika kwetu utakula kwa kujificha. Umesikia habari za baba?"

"Nimesikia ni mkali."

"Nani kakuambia?"

"Wanawake wa sokoni. Wanasema anamfungua mtu mdomo aangalie meno kama fahali wa mnada." Nyasuguta alikuwa amechangamka na pilipili. "Wanasema mama yenu alikufa kwa kuchoka kuchunguzwa."

Yule mzee akacheka, he-he-he, chini ya kofia.

"Msichana, una meno mazuri wewe," akasema. "Mimi hiki kichwa sikiwezi. Chukua." Akakinyofoa kichwa cha ngege kutoka sahani yake, akamnyooshea kwa vidole.

Kumkatalia mzee chakula ni utovu wa adabu. Nyasuguta akainuka kidogo, akapokea kwa mikono miwili, akashukuru. Akakivunja, akanyonya macho, akanyonya ubongo, mchuzi ukamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, akaulamba.

Mzee akavua kofia.

"Mimi ndiye Machuki," akasema.

Nyasuguta akamtazama Priscilla kuona kama ni mchezo. Priscilla alikuwa akitoa mwiba katikati ya meno, taratibu.

"Si nilikuambia ni mnunuzi wa ng'ombe? Nilidanganya wapi?"

Nyasuguta akashika kitambaa ajifunike, kikamtia pilipili machoni. Akapiga magoti pale pale sakafuni, mifupa ya samaki ikiwa bado mkononi.

"Baba, sikujua. Naapa sikujua."

"Lakini ulikula."

Gisiri alitoka jikoni na mwiko wake. "Mzee, hii si haki. Wewe ulimjua. Wewe ndiye umevunja mwiko wenu, umekaa naye meza moja."

"Mimi sikula," Machuki akasema. "Njoo utazame sahani yangu."

Gisiri akatazama. Samaki alikuwa mzima, ila kile kichwa. Wali haukuguswa. Mzee alikuwa amekaa nusu saa nzima akinusa chakula, na hakutia hata punje mdomoni.

"Bonareri asingeyafanya haya," Priscilla akasema, kama anayezungumza na ukuta. Bonareri alikuwa rafiki yake, na kila mtu alijua Priscilla alitaka Makori amwoe yeye.

Mlango ukatiwa giza. Makori alikuwa ameegemeza baiskeli, bado ana vibanio vya suruali miguuni. Nyasuguta alipomwona alihisi moyo unarudi mahali pake. Huyu aliyajua yote, miaka minne, barua zote. Huyu atasema.

"Makori, waambie. Nilidanganywa. Waambie mimi si mtu wa hivyo."

Makori akamwangalia dada yake, kisha baba yake.

"Alikula, Tata?"

"Mbele yangu. Na kichwa alikipokea kutoka mkononi mwangu."

Makori akainama, akafungua kibanio kimoja, akafungua cha pili, akavitia mfukoni.

"Ungemwuliza mzee jina, Nyasuguta," akasema. "Kuuliza jina tu."

Nyasuguta alingoja. Nzi walitembea juu ya wali wake.

Machuki ndiye aliyesema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, sauti ya mtu aliyemaliza mnada.

"Inuka, mama, kaa umalize chakula chako. Sasa hakuna ukwe wala haya tena kati yetu. Wewe ni mtu tu, na mimi ni mtu tu." Akavuta sahani yake, akamega tonge la kwanza, akalichovya kwenye mchuzi. "Gisiri! Mletee kijana maji, anawe mikono. Samaki anapoa."

Gisiri hakusogea. Priscilla akaenda mwenyewe kuchukua birika na beseni.

Makori akakunja mikono ya shati, mkono wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, akainyoosha juu ya beseni.