Goti la Kulia la Nduku

Nduku alitoka Machakos akaja Kikambala kufua mashuka hotelini, lakini miguu yake ndiyo iliyomjulisha kwa watu. Kila alfajiri alikimbia ufukweni, kwenye mchanga ulioinamia bahari, na kufikia mwaka wa 1986 hapakuwa na mwanamke wa pwani aliyemweza katika mita elfu tatu.

Siku moja, katikati ya mbio, goti la kulia likamsokota. Akaanguka akipiga kelele. Alipopasuliwa Mombasa, gegedu lililochanika, lile linalotenganisha mifupa ya goti, lilitolewa lote.

Kidonda kilipopona, Daktari Nasor wa Kilifi alimwambia akimbie kidogo uani, akamtazama kwa nyuma.

"Mwanangu," alisema, "ukikanyaga, goti lako linaingia ndani. Uzito unaangukia upande wa nje, palepale palipotolewa gegedu. Mfupa unasaga mfupa."

"Mbona wenzangu wanakimbia miaka na miaka?"

"Magoti yao mazima. Mbio haziliui goti zima. Hili lako lina jeraha. Ukilirudisha mashindanoni, litazeeka kabla yako."

Nduku alimsadiki. Lakini mchujo wa timu ya taifa ulikuwa umekaribia, na mwalimu wake wa mbio, Phineas, akamwambia, "Madaktari kazi yao kutisha watu. Lifunge bendeji, twende." Alijua Phineas anakosea, ila hayo ndiyo aliyotaka kuyasikia.

Alikimbia Nairobi huku ameuma meno. Walihitajika watatu, yeye akawa wa nne. Usiku ule goti likafura, na tangu hapo halikurudi kuwa goti. Kusimama akifua beseni hadi beseni kukamshinda, hoteli ikamwachisha kazi. Phineas akapata mkimbiaji mwingine.

Mwaka wa 1989 alirudi kwa Daktari Nasor. Picha ilionyesha mifupa imegusana.

"Hakuna goti la chuma?" aliuliza.

"Wanawekewa wazee, tena ng'ambo. Wewe bado mdogo mno, nalo halidumu." Daktari hakumkumbusha lolote, na hilo lilimwumiza Nduku zaidi.

Akashuka ngazi ubavuubavu, ameshika ukuta, mguu mmoja ukiusubiri mwenzake. Nyuma yake msichana aliyebeba mtoto alitaka kupita.

"Shikamoo, bibi," alisema kwa adabu.

Nduku alikuwa hajatimiza thelathini. Alijibana ukutani kumpisha, asigeuze uso.

"Marahaba," akaitika.