Picha Kwenye Pakiti

Unga wa muhogo wa Ziada haukuwa mzuri wa sura, na mwenyewe alilijua hilo. Ulikuwa na rangi ya majivu. Aliuuza kwa kopo sokoni Newala, kwenye meza iliyolegea mguu, na kufika adhuhuri gunia lilikuwa tupu. Kwa nini watu waliupenda, hakuwahi kujiuliza. Mtu anayeuza akamaliza haoni haja ya maswali.

Maswali aliyaleta Humphrey, mfanyabiashara mgeni mwenye duka la jumla huko Mkomaindo, Masasi.

"Mama Pili," alimwambia, "mteja hununua kwa macho. Unga wako mtamu, ila umevaa matambara. Tuufanye mweupe, tuutie kwenye pakiti, na juu yake tuweke picha yako unacheka."

Ziada hakuwahi kupigwa picha isipokuwa ya kitambulisho. Alivikwa kilemba cha ukoka, naye akainamisha kichwa kikae vizuri.

Weupe ulikuwa na njia moja tu. Muhogo alioutegemea ulitoka Makote, kwa mdogo wake Rahima, na ulikuwa ule mchungu ambao hata ngedere huuacha shambani. Huku juu mlimani maji ya kuulowekea hayapo, kwa hiyo humenywa na kuanikwa juani muda mrefu, mpaka makopa, yaani vipande vilivyokauka, yaote ukungu mweusi na kuvunjika kama kuni kavu. Ndipo uchungu na sumu vinakuwa vimetoka, yakwanguliwe, yatwangwe. Rangi ya majivu ilitokana na ukungu huo. Humphrey alitaka makopa yaanuliwe mapema, yangali meupe.

Rahima alibonyeza kipande kwa kidole, akakirudisha mkekani.

"Dada, haya bado."

"Meupe hayo. Ndiyo wanayotaka Masasi."

"Kuna mtu alikurudishia unga kwa sababu ya rangi?"

Ziada akachukua gunia tupu, akalikung'uta.

"Walikuwa wanakula, wanaamka wazima, wanarudi kununua," Rahima alisema. "Mimi naona biashara yetu ilikuwa hiyo tu."

Ziada akamwona mdogo wake mshamba. Akatia pamba masikioni, akaanza kujaza magunia.

Pakiti zilipotoka alibandika moja ukutani kwake na kuitazama kila alipopita. Unga ulikwenda Masasi, Humphrey akataka mwingine, na kila alipotaka mwingine makopa yalikaa juani muda mfupi zaidi. Mama mmoja akaja mezani kulalamika kwamba ameula, kichwa kikamzunguka. Mwingine akasema wanawe wametapika. Humphrey alipopigiwa simu alicheka kidogo.

"Hao ni mmoja mmoja, Mama Pili. Wewe tazama unavyokwenda."

Huko Makote kuku walizoea kudonoa vipande vilivyoanguka chini ya mkeka. Sasa walikuwa wakipita pembeni. Ziada aliwaona, kisha akaendelea kufunga magunia.

Na nyumbani kwake alisonga ugali wa unga ule wa zamani, wa majivu, aliouhifadhi kwenye ndoo chini ya kitanda. Alijiambia kwamba hapendi kitu kiharibike. Aliogopa kujiambia lingine.

Miaka yote alikuwa akimtumia binti yake Pili, aliyeolewa Lisekese, huko Masasi, mfuko wa unga kwa basi. Mwaka huu alimwambia kwenye simu, kwa majivuno yasiyofichika, aununue dukani kwao, amwone mama yake amepangwa rafuni.

Mvua zikakatika mapema, mboga ikawa adimu, watu wakawa wanateremsha ugali kwa chumvi. Ndipo Pili alipopiga simu kuhusu mwanawe.

"Mama, Stamili anasema miguu imemkaza. Leo ameshindwa kukimbia na wenzake."

"Atakuwa amecheza sana," Ziada alisema. Lakini siku hiyo hiyo alipanda gari la Masasi, na kutoka mjini akachukua bodaboda.

Pili alimpokea mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mjukuu wangu yuko wapi?"

Stamili alikuwa ameisikia sauti ya bibi yake. Zamani angetoka mbio kuupekua mkoba. Sasa alitoka taratibu, ameshika ukuta, anakanyaga kwa ncha za vidole, magoti yakigongana. Alikuwa anatabasamu.

"Tulimpeleka hospitali," Pili alisema. "Wakauliza anakula nini. Wanasema miguu hiyo huenda isirudi kama ilivyokuwa."

Ziada alikaa chini palepale kizingitini. Kutoka hapo aliuona ukuta wa ndani. Pili alikuwa amezikunjua pakiti zilizokwisha, akazisafisha, akazibandika kwa safu, na kila moja ilikuwa na Ziada anayecheka.

"Siku ya kwanza niliuonja, ukawa mchungu," Pili alisema. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza mama yake zaidi. "Nilikuwa nimeshaubeba nikaumwage. Halafu nikaona picha yako, mama. Nikamwambia mtoto ale."