Bila Moshi Kinamasini

Kikohozi kimoja tu kiliharibu msako wa kijiji kizima. Torgny alikuwa ameketi kwenye lindo la marehemu baba yake, ukingoni mwa kinamasi, bunduki mapajani, na elki dume alikuwa anakuja: mnyama mrefu kuliko farasi, pembe zake pana kama sinia za harusi. Ghafla kifua kikampasuka Torgny. Elki akageuka, akamezwa na misonobari.

Kwenye kibanda cha wawindaji, wenzake hawakumlaumu. Aliyesema ni dada yake, Gunvor, mkuu wa msako, tena alisema huku akimimina kahawa.

"Mdogo wangu, nisikilize. Ukikohoa tena mwakani, lindo nakunyang'anya. Utabaki hapa kibandani utuchemshie kahawa."

"Lindo ni la baba lile!"

"Baba alikuwa na mapafu. Wewe una mabomba ya jiko."

Wanaume wakacheka, midomo yao ya juu imetuna kwa ugoro. Ndivyo walivyotumia tumbaku pale Granliden na kwingi katika Uswidi: kifuko kidogo chini ya mdomo wa juu, basi. Hakuna kuwasha, hakuna moshi. Torgny peke yake ndiye aliyebaki na sigara. Tangu ujana aliwaita wabwia matope. Sigara ilikuwa na moto, na yeye alijiona mtu wa moto.

Lakini theluji ilipoanguka, mtu wa moto akawa hapandi ngazi za nyumba yake bila kusimama katikati, mkono ukutani, pumzi ikipiga mluzi. Aliliwazia lindo. Aliliwaza akilala, akaliwaza akiamka. Mwishowe akameza kiburi akaenda zahanati.

Ragnhild, muuguzi wa pale, alimpulizisha kwenye kifaa cha kupima moshi pumzini. Kikawaka taa nyekundu.

"Usinihubirie," Torgny akawahi. "Nimejaribu kuacha. Nimebandika viraka vya dawa mkononi, nimetafuna zile bazoka zake. Nafika Ijumaa, narudi palepale."

"Ninachotaka ni uache vyote. Hilo nalisema kwanza, ulisikie vizuri. Ukishindwa, basi acha moshi. Ugoro si dawa, Torgny. Una nikotini, utakushika kama sigara zilivyokushika. Lakini hauyapaki mapafu lami. Kinachokumaliza ni kile unachokiwasha."

"Kumbe serikali inakulipa uniuzie matope?"

"Serikali imepandisha kodi ya sigara zako, ikashusha ya ugoro. Unadhani wanacheza bao kule bungeni? Wanaume wa nchi hii wanazikwa kwa saratani ya mapafu kwa uchache kuliko majirani zetu. Wataalamu wanapanda ndege kuja kutazama kwa nini. Unajua wanakuja kutazama nini? Ile midomo unayoicheka."

Torgny akaitazama ile taa nyekundu. Aliwaona mmoja mmoja akilini: mkata magogo, dereva wa gari la theluji, fundi bomba, wote wale aliokuwa akiwadharau. Hakuna aliyewapigia ngoma. Taifa zima lilikuwa limeuzima moshi wake kimyakimya, mdomo baada ya mdomo, na yeye alikuwa amesimama katikati ya jambo kubwa kiasi hicho akikohoa. Akatoka zahanati polepole, kama mtu anayetoka kanisani.

Majira ya kuchipua Gunvor alimtembelea, akamkuta kibarazani, mvua ya barafu ikimchapa kichwani.

"Unafanya nini hapa nje?"

"Nabwia ugoro."

"Ugoro hubwiwa ndani, juha wewe! Una moshi huo?"

Torgny akatazama miguu yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Majuma mengi kila hamu ilipompanda, miguu ilimpeleka nje kama ilivyompeleka maisha yake yote ya sigara, naye alisimama hapo baridini na kifuko mdomoni akisubiri kiishe. Gunvor alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akamvuta mkono, akamwingiza ndani, akamkalisha kando ya jiko. Hakumwambia neno zuri, lakini aliyabandua mwenyewe yale mabarafu ndevuni mwa mdogo wake kwa vidole.

Septemba ikaja. Asubuhi ya msako Gunvor alimtazama usoni, akanyoosha kidole kuelekea kinamasini.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Mbwa wa msako alibweka mbali, kisha karibu zaidi. Torgny alikaza bunduki na kusubiri kifua kianze vurugu zake. Badala ya kifua, iliyoanza ni pua.

Kwanza ulikuja utomvu, mkali, mtamu. Kisha matope yenyewe ya kinamasi, mazito, yenye majani ya miaka mingi. Kisha harufu asiyoijua: manyoya mabichi, jasho, kitu cha moto kinachotembea. Alikuwa amekaa hapa tangu ujana wake, na ilikuwa kana kwamba hakuwahi kufika. Alivuta pumzi, ikashuka, ikashuka tena, ikagusa chini kabisa pasipo mluzi. Mnyama hakuwa ameonekana bado, naye alishajua anatokea upande gani.

Elki akatoka ukunguni kama kilima kilichoamua kutembea. Akasimama. Torgny naye hakupumua kwa sauti. Mlio mmoja, na yule mkubwa akapiga magoti kwenye nyasi.

Redio ya mkononi ikaanza kukoroma. Gunvor aliita, akaita tena. Hakujibiwa. Akatokea mbio kati ya miti, uso mwekundu.

"Mbona kimya? Nikajua kifua kimekupasuka!"

"Sikukohoa."

"Naona hukukohoa, si yuko chini huyu! Lindo ni lako, haya, umeshinda. Shika mguu tumgeuze."

Torgny alikuwa amepiga magoti kando ya elki, mkono juu ya shingo iliyokuwa bado na joto, machozi yakiingia ndevuni. Mguu hakuushika.

"Dada, subiri."

"Nini tena?"

"Nyamaza kidogo. Nanusa."

Akamsikia dada yake akivuta pumzi ili atoe amri. Amri haikuja. Kinamasi chote kikatulia, na Torgny akavuta tena.