Mkeka wa Nurungji

Baba mkwe wangu, Mzee Bae, alikuwa mtahini wa madereva kwa miaka thelathini na moja, na tabia hiyo haikustaafu pamoja naye. Kwake gurudumu likigusa mstari umeanguka mtihani, nenda nyumbani ukajifunze upya. Hapa mjini Daegu wapo watu wazima wenye wajukuu ambao wakimwona sokoni bado wanabadilisha njia. Siku niliyomleta mbwa nyumbani, akanipa na mimi mtihani wangu.

"Mama Solbi," akasema bila kuinua macho gazetini, "jibwa hilo litakaa humu mpaka siku ya kumkumbuka mama yenu. Likiharibu ibada, kesho yake nalipeleka shamba, Uiseong, kwa mdogo wangu. Lile ghala lake la vitunguu saumu linataka mlinzi."

"Baba, kule atafungwa mnyororo."

"Mbwa mahali pake ni uani."

"Tunakaa ghorofa ya tisa, baba. Uani ni wapi?"

"Ndiyo maana nikakwambia Uiseong."

Akafunua ukurasa, maongezi yakaishia hapo.

Niseme ukweli kwa nini nilimchukua yule mbwa. Mama mkwe aliugua humu ndani miaka minne, na aliyemuuguza ni mimi. Nilimgeuza, nilimlisha uji, nilimchana nywele. Alipofariki, Novemba ile, kila mtu aliniambia sasa utapumzika. Nilipumzika wiki moja. Baada ya hapo mume wangu Gwangsik akitoka kwenda kazini, binti yetu Solbi akienda shule na kuunganisha na masomo ya ziada, baba mkwe akishuka kwenda kucheza bao na wazee wenzake, nilibaki mimi na mngurumo wa friji. Saa nne asubuhi nilijikuta nimesimama na kitambaa kilicholowa maji ya moto mkononi, sina wa kumfuta. Sikumwambia mtu, kwa sababu ningemwambia nani, na nianzie wapi? Aprili nikaenda kituo cha mbwa waliotupwa, nikarudi na jike wa miaka miwili mwenye rangi ya ukoko wa wali. Jina lake Nurungji ndiyo hivyo hivyo, ukoko. Kwetu tunaamini mbwa akipewa jina la chakula huishi miaka mingi.

Sitajisifu, mwanzo ulikuwa balaa. Kengele ya mlango ikilia alibweka mpaka jirani wa chini akapiga simu kwa mlinzi. Aliiba samaki mezani, akala kandambili ya kushoto ya baba mkwe, na alipoletewa mpya akala ya kushoto tena. Baba mkwe aliiweka iliyotafunwa juu ya friji, mahali ambapo ningeiona kila nikienda kuchukua yai.

Nilichukua wiki tatu kugundua kwamba tatizo halikuwa mbwa. Kila mtu alikuwa akimwamuru kwa lugha yake. Solbi alimbembeleza, "Shuka basi, mpenzi wangu, si nimekuomba?" Gwangsik alimrundikia yote kwa mpigo, "Acha! Shuka! Lala! Njoo!" Baba mkwe alikuwa na neno moja tu, "Ebo!" Jumapili moja niliwakalisha wote sebuleni.

"Kuanzia leo kuna neno moja," nikawaambia. "Mkekani. Basi. Akifika mkekani analala, na hatoki mpaka aliyemwambia amwambie 'haya'. Asiyeweza kukumbuka maneno mawili asiongee naye kabisa."

"Sasa mama Solbi," akasema Gwangsik, "anayefundishwa ni mbwa au ni mimi?"

"Ni wewe. Mbwa alishaelewa toka jana."

Mkeka wenyewe ulikuwa ule mwembamba wa plastiki tuliozoea kutandika kando ya mto siku za mapumziko. Niliuweka pembeni mwa sebule. Nikachemsha viazi vitamu, nikavikata vidogo vidogo, nikaanza. Akilala sekunde tatu, kipande. Sekunde kumi, kipande. Nikafika hatua tatu na kurudi, nikafika jikoni na kurudi. Akitoka sikumpiga wala kumfokea, ingawa ulimi uliniwasha. Nilimrudisha tu na kuanza upya. Kufikia Agosti aliweza kulala pale tukala chakula cha jioni chote, macho yakifuata vijiti vyetu vya kulia, lakini tumbo liko mkekani. Kengele ya mlango ilichukua mwezi mzima zaidi. Waleta chakula wa mtaani kwetu walinisaidia sana bila kujua, maana nilikuwa naagiza tambi ili tu mtu aje abonyeze kengele.

Baba mkwe alitazama yote kutoka kwenye kiti chake.

"Mguu wa nyuma uko nje," alikuwa akisema.

Nami nilikuwa nikiurudisha ule mguu, nikimeza maneno niliyokuwa nayo.

Oktoba tukafanya majaribio ya ibada. Nilipanga meza kamili kana kwamba siku ni leo. Tuliwasha udi, tukasujudu, tukamimina pombe ya mchele. Nilithubutu hata kununua kipande cha papa wa chumvi, kwa sababu huku kwetu meza ya marehemu bila papa haijatimia, na harufu yake inaweza kumtoa mbwa kwenye usingizi wa mwezi mzima. Nurungji alidondosha mate lakini hakutoka. Solbi alipiga makofi. Hata mimi niliingia bafuni nikacheka peke yangu kwa furaha.

Siku yenyewe ikafika, saa moja jioni. Nilikuwa nimesimama jikoni toka alfajiri. Kuku mzima, mishikaki ya nyama, samaki wa kukaanga na mayai, papa, mapeasi yaliyokatwa vichwa, na katikati picha ya mama mkwe akiwa amevaa ile sweta yake ya zambarau. Nikamwambia Nurungji mkekani, akalala. Tukasujudu, hakutikisika. Baba mkwe akamimina pombe, kisha akachomeka kijiko kwenye bakuli la wali, wima, ili mkewe aanze kula.

Halafu akazima taa kubwa, ukabaki mshumaa, na sote tukarudi nyuma kwa heshima mpaka chumba cha kulala, akafunga mlango. Kwetu watu hawali pamoja na marehemu. Unampisha ale kwa amani, muda wa vijiko tisa, na hakuna kumchungulia. Mwenye nyumba ndiye anayekohoa mara tatu mlangoni kabla ya watu kurudi.

Nilikuwa nimeshakaa ukingoni mwa kitanda ndipo moyo ukanilipuka. Mbwa tumemwacha sebuleni.

Miezi saba! Nilimfundisha kukaa nikienda jikoni, nikienda mlangoni, mgeni akiingia. Sijawahi hata mara moja kumwacha peke yake na chakula huku mlango umefungwa. Katika majaribio yetu yote tulikohoa mara tatu tukiwa tumesimama palepale sebuleni, kwa uvivu. Nani alikumbuka kutoka? Watu wanne wenye akili timamu tumepanga kuku mzima usawa wa pua ya mbwa, kisha tukamfungia naye.

Nikanyanyuka.

"Kaa," akasema baba mkwe.

"Baba, Nurungji yumo..."

"Najua yumo. Mama yenu anakula. Hakuna anayefungua."

Nikakaa. Solbi akanishika mkono, wa kwake ulikuwa baridi. Kisha, kutoka sebuleni, tukasikia: krrr.

Gwangsik akaninong'oneza, "Anakula."

"Nyamaza."

Krrr. Kimya. Krrr. Kitu kilikuwa kinakwaruza sakafu, kinatulia, kinakwaruza tena, na kila mara kilikuwa mbele zaidi, upande wa meza.

"Huyo ni kuku," akasema Gwangsik. "Anamburuta."

"Baba, nyamaza bwana!" Solbi alikuwa anataka kulia.

Mimi sikuwaza kuku. Niliona njia ya Uiseong, gari linakwenda, na mimi narudi nyumbani na kamba tupu mkononi. Niliiona saa nne asubuhi ya kesho, na ya keshokutwa, na mimi na friji. Nilimchukia baba mkwe dakika ile, nasema wazi, huku yeye amesimama ameegemea mlango, macho amefumba, midomo inahesabu vijiko vya mkewe. Hakukiruka hata kimoja.

Akakohoa. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Akafungua.

Kwanza nilitazama meza. Kuku alikuwepo, ana miguu yote miwili. Samaki walikuwepo, papa alikuwepo, kijiko kimesimama kwenye wali vilevile. Kisha nikatazama pembeni, na pembeni hapakuwa na kitu. Mkeka haukuwepo. Mbwa hakuwepo.

"Mama," akasema Solbi, "angalia kule chini."

Nurungji alikuwa amelala barabara juu ya mkeka wake, na mkeka wake ulikuwa mbele ya meza. Alikuwa ameukokota chini ya tumbo lake sebule nzima, shibiri kwa shibiri, mpaka pua ikagusa mguu wa meza. Mbele yake sakafuni kulikuwa na dimbwi la mate ambalo ningeweza kulideki kwa ndoo. Alitutazama, mkia ukapiga sakafu mara mbili. Ndani ya mkeka mwili wote ulikuwemo.

Hakuna aliyecheka. Tulimsubiri mtahini.

Baba mkwe akawasha taa. Akachuchumaa polepole, magoti yakilia. Akatazama mguu wa mbele wa kulia, wa kushoto, akazunguka nyuma akatazama miwili iliyobaki. Akapitisha kidole ukingoni mwa mkeka.

"Mkia uko nje," akasema.

Nikainama kuurudisha ule mkia.

"Lakini mkia hatukuwahi kuuweka kwenye masharti," akaendelea. "Amefaulu."

Solbi alipiga kelele ambayo haifai mbele ya marehemu. Gwangsik alikaa chini palepale. Mimi nilitoa pumzi ndefu, nadhani niliibana toka Aprili, na nikaanza kulia, mimi ambaye nilimzika mama mkwe nikiwa na macho makavu. Baba mkwe hakunitazama. Aliondoa bakuli la supu, akaweka la maji, kama inavyotakiwa, kisha akageukia picha ya mkewe.

"Mama Gwangsik," akamwambia kwa sauti ya kawaida, kama anavyomwambia mtu aliye chumba cha pili, "huyu ni Nurungji. Ni wa humu ndani sasa. Ulikuwa unaniuliza siku zile za mwisho, 'Mimi nikiondoka, huyu mkwe wetu atabaki na nani mchana kutwa?' Nilikujibu usihangaike, nami sikufanya lolote. Nilikuwa nashuka kwenda kucheza bao. Amemtafuta mwenyewe wa kubaki naye. Basi usihangaike tena."

Sikujua kama mama mkwe aliwahi kuuliza hivyo. Nilidhani hakuna aliyeniona na kile kitambaa.

"Mwite," akaniambia. "Bado kusujudu kwa mwisho, na wa nyumbani wote wanasimama mstarini."

"Haya," nikasema, na sauti haikutoka vizuri, ikabidi niseme tena. "Haya, Nurungji."

Alikuja mbio, akawapita kuku na papa asiwatupie jicho, akasimama kati yangu na baba mkwe. Tukapiga magoti, tukaweka paji la uso sakafuni. Kwa mbwa, watu wanne wakiinama kwa pamoja ni mwaliko wa mchezo, na hilo nalo sikuwa nimelifundisha. Kwa pembeni mwa jicho nilimwona anachagua, kisha akaanza kumlamba baba mkwe sikio, kwa bidii, kuanzia chini mpaka juu.

Mzee Bae hakuinua kichwa. Alisujudu mpaka mwisho, kwa kipimo chake kilekile, na sikio lake likalambwa lote.